Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Elimu, Utamaduni na Habari: kiti kinaachwa wazi

Muheza, Tanga

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya elimu, utamaduni na habari, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania
Nakala: Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Zanzibar

YAH: NANI ATAKALIA KITI KINACHOACHWA NA NCHI ZA MAGHARIBI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima.

Baba yangu alikuwa na redio ya betri, na waya alioupandisha hadi juu ya mwembe ili kushika masafa mafupi. Jioni, akishatoka shamba na kukoga, alizungusha kitasa taratibu, mikwaruzo ya mawimbi ikipita kama mvua kwenye bati, mpaka sauti ya mtu itokee. London kwanza. Kisha Ujerumani. Usiku Marekani, na siku nyingine China. Wote walizungumza Kiswahili. Nilikuwa mdogo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba huko kote watu wanaamkiana shikamoo na marahaba kama sisi hapa Bonde.

Machi 2025 Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ilinyamaza. Ilikuwa hewani tangu 1962. Rais wa Marekani alitia saini amri siku ya Ijumaa, na Jumamosi watangazaji wakaambiwa wabaki nyumbani. Baba hayupo tena, lakini siku hiyo nilimkumbuka na kitasa chake. Miezi michache baadaye, Julai, shirika la misaada la Marekani, USAID, nalo likafungwa, na sote tunajua ni zahanati ngapi na semina ngapi zilikuwa zikibeba nembo yake.

Sikuandika barua hii kuililia redio ya mtu. Nimeandika kwa sababu naona nguvu ya utamaduni wa Magharibi, ambayo wazee wetu waliikuta kama mlima, sasa inahamishwa kama samani za nyumba inayouzwa: kipande kinaondoka, kingine kinabaki, kingine kinanunuliwa na jirani. Na naona ninyi mliopewa dhamana mnashughulika na mengi, lakini swali la nani ataingia kwenye nyumba hiyo halijajadiliwa kwa uzito unaostahili.

Njooni Muheza Jumamosi jioni. Kibanda umiza kilicho karibu na stendi kinajaa mpaka vijana wanasimama dirishani. Wanaijua Manchester, wanaijua London, wanajua mitaa ya viwanja ambavyo hawatavikanyaga. Ukiwauliza, watakwambia wanaangalia mpira wa Uingereza. Lakini Manchester City ni mali ya Abu Dhabi tangu 2008, na Newcastle ilinunuliwa na mfuko wa serikali ya Saudi Arabia mwaka 2021. Arsenal wanacheza uwanja wenye jina la shirika la ndege la Dubai, na mkono wa jezi yao ulianza kubeba jina la Rwanda mwaka 2018. Utamaduni wa Magharibi haujafa hapo. Umepata mwenye nyumba mpya, na mpangaji wa zamani bado analala kitanda kilekile. Nadhani sehemu kubwa ya miaka ijayo itafanana na hivyo: jukwaa la zamani, pesa mpya, na sisi bado watazamaji tunaolipa kiingilio.

Sasa nirudi kwenye redio, maana humo ndimo limo jambo ninalotaka kuwaambia.

Kila mgeni aliyetaka tumsikilize alikuja kwa Kiswahili. Hapa kwetu, Magila, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA kutoka Uingereza walihubiri na kufundisha kwa Kiswahili, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wao, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Wajerumani walitumia Kiswahili kutawala. BBC walianza kutangaza kwa Kiswahili 1957, Wachina 1961, Wamarekani 1962, Wajerumani wakarudi kwa redio 1963. Kumbukeni ilikuwa miaka gani: tulikuwa tunapata uhuru, na kila mkubwa alitaka sikio letu. Hakuna aliyejidanganya kwamba atalipata kwa lugha nyingine. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili ilirushwa na TBC, na Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. StarTimes wakawashindanisha vijana wetu wenye sauti nzuri, waliofuzu wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Leo mama mkwe wangu anamfuatilia sultani wa Uturuki kila usiku kwenye Azam, na sultani anaongea Kiswahili safi kuliko wabunge wengi.

Wageni wote hao walihesabu gharama na kuona Kiswahili kinalipa. Mtu pekee katika nchi hii anayelipwa na Serikali aongee na mtoto wa Kitanzania kwa lugha ambayo mtoto haielewi ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya kata, mwaka wa 19 sasa. Mwaka jana nilikuwa nafundisha osmosisi, Kidato cha Kwanza. Nilikuja na embe bichi, kisu na chumvi. Nikalikata vipande, nikanyunyiza chumvi, nikaweka sahani juu ya meza ya mbele ili wote waone. Baada ya dakika chache sahani ikaanza kujaa maji. Nikauliza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa: maji haya yametoka wapi, na kwa nini? Watoto 63, kimya. Macho yote kwenye madaftari. Mtoto wa mbele kabisa alikuwa anasogeza midomo, anatafuta neno, halipati.

Nikachungulia mlangoni, maana kwenye ukuta wa nje kuna kibao kinachosema eneo hili ni la Kiingereza tu. Kisha nikauliza tena kwa Kiswahili. Mikono ikapanda kama mtama. Binti mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake alisimama akasema chumvi inayavuta maji kwa sababu nje ya embe kuna chumvi nyingi kuliko ndani, na ndiyo maana mama yake huwapaka samaki chumvi kabla ya kuwaanika. Halafu akaniuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu: kama ni hivyo, mikoko inaishije kwenye maji ya bahari?

Waheshimiwa, nilisoma shahada nzima bila kuuliza swali zuri kama lile. Kipindi kilichobaki tulizungumzia mikoko.

Kwenye mtihani wa muhula swali la osmosisi lilikuwepo, kwa Kiingereza. Binti yule aliandika mistari miwili aliyoikariri kutoka ubaoni, maneno yakiwa yamepinduka, hayana maana. Nilimpa sifuri kwa jambo ambalo nilijua, kwa masikio yangu, kwamba analijua. Nimetoa sifuri za namna hiyo kwa miaka 19, na sijui nitaulizwa nini kwa ajili yake.

Mtu asiniambie Kiswahili hakina maneno. Mwaka mmoja tu kabla, darasa la saba, binti huyu alisoma usanisinuru, umbijani (ile rangi ya kijani ya majani), hewa ya ukaa na mmeng'enyo wa chakula. Alifaulu kwa maneno hayo, ndiyo maana alifika kwangu. TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ninayo nakala, jalada lake limeng'oka, nimelifunga kwa gundi ya karatasi. Maneno yapo miaka zaidi ya 30. Tunamchukua mtoto aliyeyajua, tunamwambia ayasahau, aanze upya.

Mlango huu umefunguliwa mara mbili. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa ripoti yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari 1985 na kifike vyuo vikuu 1992. Ingekuwa hivyo, mimi niliyeingia Kidato cha Kwanza miaka ya 1990 ningesoma Baiolojia kwa lugha niliyoota nayo. Serikali ilikataa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikitetea Kiingereza, akisema ndicho Kiswahili cha dunia. Na kabla muongo ule haujaisha Uingereza ikagharimia mradi wa kuinua Kiingereza katika sekondari zetu. Kisha ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikasema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Siku ile tulishangilia kwenye chumba cha walimu, kuna mwenzetu alileta soda. Toleo la 2023 la sera hiyohiyo likakiacha Kiingereza palepale kilipokuwa sekondari.

Najua jibu mtakalonipa, kwa sababu wazazi hunipa lilelile: dunia inaongea Kiingereza, mnataka watoto wa maskini wabaki nyuma? Jibu hilo silidharau. Nakiri mbele yenu kwamba mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka inglishi midiamu, kwa mkopo, kwa hofu hiyohiyo. Mwalimu Nyerere alikuwa na haki kuhusu ukubwa wa Kiingereza. Lakini lugha kubwa hufundishwa kama somo, na mwalimu anayeijua, kwa vipindi vya kutosha na vitabu vya kusoma kwa raha. Haifundishwi kwa kuificha ndani ya Baiolojia, mwalimu asiyeimudu akimfundisha mtoto asiyeielewa, wote wawili wakitoka hawana Kiingereza wala Baiolojia. Mimi naona matokeo ya mpango huo kila Novemba, wakati wa mitihani ya Kidato cha Nne.

Na hofu ile ya wazazi imejengwa juu ya dunia inayobadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuacha Kifaransa shuleni na kuchukua Kiingereza. Walikuwa na sababu zao nzito za kuachana na Ufaransa, na mimi si wa kuwasahihisha. Mwaka uliofuata wakajiunga na Jumuiya ya Madola. Lakini fikirini mwalimu wa Butare aliyesomea ualimu kwa Kifaransa, akaamka siku moja na kuambiwa afundishe kwa lugha nyingine ya kigeni. Gabon na Togo nao wakaingia Jumuiya ya Madola mwaka 2022. Katiba mpya ya Mali ya 2023 ilikivua Kifaransa hadhi ya lugha rasmi, ikakiacha kuwa lugha ya kazi. Ufaransa inapungua Afrika, hilo halina ubishi. Lakini kutoka kwa Mfaransa kwenda kwa Mwingereza ni kubadili chumba ndani ya nyumba ileile, na kumfukuza mgeni bila kuandika kitabu hata kimoja cha kemia kwa Kibambara kunaacha ubao mtupu.

Ubao mtupu haukai mtupu. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013, na Nairobi ilikuwa nayo tangu 2005. Wanafunzi wangu wawili wamejifunza Kichina, mmoja ni mkalimani wa kampuni ya ujenzi wa barabara na anamtunza mama yake. Nampongeza kwa moyo wote. Sina chuki na Mchina wala Mturuki wala Mkorea. Ninachoogopa ni kwamba baada ya miaka 20 mwalimu mwingine atasimama hapa Muheza, chini ya kibao kingine ukutani, akiwakataza watoto Kiswahili ili wajifunze lugha ya mkubwa mpya, na atakuwa na sababu zilezile: ajira, dunia, maendeleo.

Hapa niseme jambo linalonigusa. Bibi yangu alikuwa Mbondei. Hadithi alizotusimulia zilikuwa kwa Kibondei, na wanangu hawazielewi. Kiswahili ndicho kilichokalia kiti hicho nyumbani mwangu, na hakikubisha hodi. Kwa hiyo sikitukuzi kama mtu asiyejua kwamba lugha yoyote ikipewa nguvu inaweza kuwalemea wengine. Ombi langu la Kiswahili darasani linakwenda pamoja na ombi kwamba redio za jamii ziruhusiwe kurusha vipindi kwa Kibondei, Kisambaa na Kizigua bila kuonekana zinaleta ukabila. Bibi hakuwa mkabila, alikuwa anatulaza.

Wizara ya utamaduni mnayoiongoza ina asili yake Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tumejua kucheza rumba, chachacha na twisti, huku wachache wakizijua ngoma zetu kama gombe sugu au mangala, akatangaza kwamba anaunda wizara. Katika hotuba hiyohiyo alionya dhidi ya taifa linalokataa kujifunza kwa wengine. Mambo yote mawili aliyasema kwa pumzi moja, na mimi nayashika yote mawili.

Tena tunao ushahidi kwamba tukiamua tunaweza. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tuliambiwa miaka yote kwamba sheria haiwezekani kwa Kiswahili. Shemeji yangu alikuwa na kesi ya shamba, na kwa mara ya kwanza aliisoma hukumu yake mwenyewe, akaelewa ni kwa nini ameshindwa, akaacha kugombana na kaka yake. Na vijana wa Bongo Fleva hawakusubiri sera yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J alichukua mdundo wa rapu ya Kimarekani akaghani kwa Kiswahili. Watu walidhani ni mchezo. Leo mtoto wa Kampala, wa Bujumbura na wa Lubumbashi anaimba Kiswahili cha Temeke na Tandale. Muziki ule ulianza kwa kuiga Marekani, lakini ulikaa kwenye lugha yetu, na kwa sababu hiyo ukawa wetu.

Nje huko tumeshapewa heshima zote. SADC walikipokea Kiswahili mwaka 2019, UNESCO walitupa Julai 7 mwaka 2021, Umoja wa Afrika wakakifanya lugha ya kazi 2022, na Baraza la Mawaziri la Uganda likakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka huohuo. Lakini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, katika ibara ya 137, uliandika kwamba lugha rasmi ni Kiingereza, na Kiswahili kitaendelezwa. Neno hilo, kitaendelezwa, limetufikisha hapa: Julai 7 tunavaa kanga na kusoma mashairi, Julai 8 narudi darasani chini ya kile kibao.

Ninachoomba hakihitaji wafadhili, na ndiyo maana nakiomba sasa, wakati wafadhili wenyewe wanafunga virago. Ruhusuni shule zinazotaka zifundishe sayansi kwa Kiswahili kuanzia Kidato cha Kwanza, na Baraza la Mitihani litoe karatasi kwa lugha mbili, mtoto achague. Karatasi ya lugha mbili tu ingeokoa zile sifuri. Wapeni BAKITA, baraza la Kiswahili la Taifa, na TATAKI, iliyorithi TUKI, kazi ya kukamilisha vitabu vya kiada, si orodha za istilahi zinazokaa kabatini. Vipindi vya Kiingereza viongezwe, vifundishwe na waliosomea kukifundisha. TBC ipewe fungu la kutia sauti za Kiswahili kwenye filamu za sayansi na historia, maana vijana waliokwenda Beijing wameshathibitisha kwamba tunao uwezo, na fungu jingine la kupeleka tamthilia zetu huko nje, kwa sababu hadi sasa sauti zinakuja tu.

Jambo moja zaidi, nalo lina haraka kuliko yote. Wanafunzi wangu wanaiuliza akili mnemba kwenye simu za kaka zao. Programu hizo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Kama Baiolojia ya sekondari haipo kwa Kiswahili, itawajibu kwa Kiswahili kilichokisiwa huko ng'ambo na watu wasiojua umbijani ni nini, na huyo ndiye atakuwa mwalimu wao. Sauti za zamani zilikuja kwa masafa mafupi na zilikuwa na saa zake. Hii haina saa ya kufunga.

Mimi nimeshaanza upande wangu. Nimeandika maandalio ya masomo ya Baiolojia Kidato cha Kwanza kwa Kiswahili, ya muhula mzima, kurasa 64 kwa mkono, na somo la mikoko limo. Muhula unafunguliwa Januari. Nipeni ruhusa ya maandishi na mkaguzi atakayekuja kukaa nyuma ya darasa, asikilize, kisha awape watoto mtihani wowote atakaotaka.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Baiolojia, Muheza